Daftari Lipo, Jibu Liko Wapi?

Mwaka 2022 mahakama ya hapa Lubumbashi iliteua msimamizi wa muda wa mgodi wa Tenke Fungurume, na ilipofika Julai shaba na kobalti yake ikazuiwa kutoka nchini. Waliogombana waligombania hesabu. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali yenye asilimia 20 ya hisa, ilidai kuwa CMOC, kampuni ya Kichina yenye asilimia 80, haikutangaza akiba yote ya madini iliyomo ardhini, ilhali sehemu ya malipo kwa Gécamines ilitegemea akiba hiyo. CMOC ilikana. Mwaka 2023 wakapatana: CMOC ilipe dola milioni 800 kwa muda wa miaka sita, mbali na gawio.

Toleo hili linahusu mifumo ya taarifa za uongozi, na najua wengi wakisikia jina hilo huwaza kompyuta. Hakuna aliyesema Tenke ilipungukiwa kompyuta. Kilichokosekana ni takwimu moja ambayo wenye hisa wote wawili wangeiamini.

Mfumo wa taarifa ni njia nzima: nani anaandika jambo linapotokea, analiandika kwa kipimo gani, maandishi yanamfikia nani, na huyo akiyasoma anaamua nini. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba madini ya Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa nayo njia hiyo kwa kalamu na karatasi, ikihesabu watu, posho na tani. Na mwisho wa njia ulikuwa Brussels. Serikali ya Kongo ilipotwaa mali zake, Wabelgiji wakaachiwa kwa mkataba wa 1967 kazi ya kuuza shaba. Migodi ikawa yetu, lakini habari za soko zikaendelea kufika mezani kwao kwanza. (Mwenye kusoma historia ya Gécamines, mrithi wa Union Minière, kwa tani peke yake huikosa sehemu hiyo.)

Tushuke kwenye biashara ndogo. Chukua depo ya unga wa mahindi katika commune ya Kenya, hapa Lubumbashi. Unga unatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, unanunuliwa kwa kwacha au dola, unauzwa kwa franka. Mwenye depo ana buku safi: tarehe, mifuko, pesa iliyoingia, madeni ya majirani. Tuseme ameuza mifuko 200. Buku linaonyesha faida, naye anafurahi, anatoa ya karo, anatoa ya msiba. Anapokwenda kubadilisha franka apate dola, kiwango kimepanda, na pesa iliyobaki inanunua mifuko 180. Kila mstari wa buku lake ni wa kweli. Amekula mtaji wake bila kujua.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huyu daftari analo, na mali imepotea. Dawa yake ni nafuu kuliko programu yoyote: kila asubuhi aandike kiwango cha dola juu ya ukurasa, na kila jioni aulize pesa ya leo inarudisha mifuko mingapi. Akishazoea swali hilo, hapo simu yenye jedwali itamfaa, tena sana, kwa sababu itamfanyia hesabu hiyo kabla hajagusa pesa ya karo. Akinunua programu kabla ya swali, atapata kosa lilelile, ila limechapishwa vizuri.

Kampuni zetu za kati huanguka mahali pengine. Depo ina faili yake, ofisi ya fedha yake, mtu wa forodha ana nakala za Sydonia, mfumo wa kompyuta wa forodha, na bosi anawapigia simu watatu kujua lori moja limefika wapi. Majibu yanakuja matatu. Wanaoleta programu wanaliita hilo tatizo la ufundi. Mimi naliona la madaraka, kwa kuwa anayeshika faili peke yake anapendwa na wote wanaohitaji jibu, na hana haraka ya kuliweka wazi.

Baadhi ya waandishi wa toleo hili wanataka buku la karatasi listaafishwe. Sikubaliani nao, angalau mpaka umeme wa SNEL, shirika la umeme la serikali, ukae siku nzima. Depo iandike karatasini kwanza, iingize kwenye mashine umeme ukirudi, na mtu asiyeshika pesa alinganishe maandishi hayo mawili kila Jumamosi.