Lebo ya Asali Imefifia? Kagua Faili Kabla ya Kumlaumu Mchapaji

Lebo iliyong'aa kwenye kompyuta ikitoka imefifia, usikimbilie kumlaumu mchapaji. Mara nyingi tatizo liko kwenye faili. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Kijani kikali cha skrini hakipatikani kwa wino huo.

Kama mnatumia Inkscape, zingatieni haya:

- Picha ya PNG hutoka kwa dpi 96 msipobadilisha. Wekeni 300. Lebo ya sentimita 10 kwa dpi 96 ina pikseli 378 tu. Kwa 300 zinafika 1,181.
- Afadhali mpeleke PDF, na maandishi yageuzwe kuwa maumbo, ili fonti isibadilike kwenye kompyuta nyingine.
- Faili la SVG libaki mikononi mwa kikundi.

Maoni yangu: msilipie lebo 1,000 kabla ya kuona moja ya majaribio, kwenye karatasi ileile, imebandikwa kwenye chupa. Mnunuzi asiposoma tarehe ya mwisho wa matumizi, atairudisha rafuni, hata asali ikiwa safi namna gani.