Gigabaiti Moja, Vipimo Viwili

Mteja wa Isiolo, aliyezoea kupimiwa maziwa ya ngamia kwa lita, halaumiki akimshuku muuzaji pindi kipakatalishi kinapoonyesha gigabaiti 465 ilhali diski imeandikwa 500. Hata hivyo, hakuna kilichoibwa. Kiwanda huhesabu kwa 1000. Windows huhesabu kwa 1024, kisha hutumia jina lile lile. Tume ya IEC iliidhinisha jina la pili, gibibaiti, mwaka wa 1998, lakini madukani halisikiki. Wanaistilahi wa Kiswahili, hodari wa kubuni majina ya mashine, hawana budi kulisisitiza. Ila diski nzima, pamoja na sehemu zake zisizogawiwa, ikionyesha 232, mteja ameuziwa ya 250, na ana haki ya kudai fedha zake.