Tusigawe pointi za jina



Kuna karatasi moja imebandikwa penye mlango wa chumba cha kulia. Ni orodha ya albamu za roki ya zamani, ile wanaita sikedeliki, ya miaka 1966 mpaka 1968 hivi, ambamo gitari inalia sawa vile haiko gitari, sauti zingine zinarudishwa nyuma, na maneno yanatembea kama ndoto. Kila albamu imepewa pointi juu ya 20. Sgt. Pepper ya Beatles: 20. Zingine zote zinafuata kama watoto nyuma ya baba yao. Niliuliza wale waliotoa pointi: upande wa pili mulisikiliza? Mmoja akanijibu: «Kapita, ile haina lazima ya kusikiliza, dunia nzima inajua.»

Njo maana ninaandika. Sisi wa mwaka wa sita tunangojea mtihani wa Serikali, na asilimia 50 ndiyo mlango. Nani kati yetu angekubali mtu atoe pointi kwa kusoma jina tu juu ya karatasi? Sasa kwa nini tufanye vile kwa kazi ya wengine?

Na ile dunia nzima haina neno moja. Katika mwaka 2003 gazeti la Marekani Rolling Stone liliweka Sgt. Pepper namba 1 kati ya albamu 500. Katika mwaka 2020 gazeti lile lile liliiweka namba 24. Diski haikubadilika hata noti moja. Waamuzi ndio walibadilika.

Mimi ninaipa 16. Wimbo wa mwisho peke yake, A Day in the Life, ningeupa 20 bila kusita: wapigaji 40 wa orkestra wanapanda toka noti ya chini mpaka ya juu, na yote ilirekodiwa kwa mashine za njia nne tu. Ile ni akili na jasho. Lakini katikati kuna nyimbo mbili tatu za kuchekesha ambazo, kama zingekuwa za kikundi kisichojulikana, mungeziruka. Semeni kweli.

Katika nyumba ile ile ya Abbey Road, London, miezi ile ile ya 1967, vijana wa Pink Floyd walikuwa wanarekodi diski yao ya kwanza, The Piper at the Gates of Dawn. Jina walilitoa katika kitabu cha watoto cha Kenneth Grahame. Orodha yenu inawapa 11! Interstellar Overdrive inapita dakika tisa bila neno hata moja, na mimi sijachoka nayo. 17. (Roger Waters, katika wimbo wake mmoja, alichukua neno ambalo Yesu alimwambia mgonjwa wa Bethesda, akaondoa kitanda na kuweka chombo cha daktari. Pale namuondolea nusu pointi, juu wimbo wenyewe ni zaifu.)

Kisha kuna swali ambalo hakuna aliyejiuliza: munahukumu diski gani? Are You Experienced ya Jimi Hendrix ilitoka Uingereza katika Mei 1967 bila Hey Joe na bila Purple Haze. Ile ya Marekani, ya Agosti, iliziweka, lakini ikaondoa Red House. Ninyi katika telefone muko na nyimbo 17 pamoja, zinapigwa ovyo ovyo. Ile si albamu, ni gunia. Mwalimu hawezi kusahihisha madaftari mawili pamoja na kuandika pointi moja.

Sasa neno la dawa za kulevya. Wako wanaosema: muziki wa walevi, zero, tumemaliza. Na wako wengine, wanacheka pembeni, wanaongeza pointi kwa sababu ile ile. Ninakataa pande zote mbili. Dawa haikufunga hata kamba moja ya gitari. Muangalie Syd Barrett, aliyetunga karibu nyimbo zote za ile Piper: akili yake iliharibika, na katika 1968 alikuwa amekwisha kutoka katika kikundi. Roky Erickson wa 13th Floor Elevators, kule Texas, alikamatwa katika 1969 na bangi kidogo, akafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili mpaka 1972. Diski yao ya 1966 ninaipa 13: sauti yake inakata kama wembe, lakini yule mwenzake anayepuliza ndani ya mtungi mbele ya mikro anarudia mlio mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Ni ule mtungi unawaondolea pointi, hapana kitu kingine.

Diski yangu ya kwanza haiko hata kwenye karatasi yenu. Ni Forever Changes ya kikundi Love, Los Angeles, Novemba 1967. Mkubwa wao, Arthur Lee, alikuwa Mweusi, na kikundi kilichanganya Weusi na Weupe. Kurekodi kulianza vibaya: wenzake hawakuwa tayari, mpaka wapigaji wa kulipwa wakaitwa kwa nyimbo mbili. Wale vijana waliona haya, wakarudi, wakafanya mazoezi, wakapiga zingine wenyewe. Muzisikie: gitari za mbao, vinanda vya kamba, tarumbeta, zote laini, na chini ya ule ulaini maneno ya mtu anayengojea kifo. Huko Marekani ilifika namba 154 tu. 18. Pointi mbili ninazizuia kwa sababu sauti za ala saa ingine zinafunika maneno.

Na jirani mulimsahau. Kuvuka Kasumbalesa tu, Zambia, kikundi WITCH kilitoa Lazy Bones!! katika 1975, gitari zinanguruma sawa za Hendrix. 15. Ningependa kuandika 17, lakini hapo ningekuwa ninatoa pointi za ujirani.

Ninapendekeza hivi: Jumamosi kisha chakula cha jioni, tunasikiliza albamu moja nzima, upande A, kisha upande B, kwa mfuatano wake, bila kuruka. Asiyekuwapo hatoi pointi. Tunaanza na Forever Changes, nyimbo 11, dakika 42 hivi. Anayetaka kuipa 8 aje, lakini aje na sababu.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa 6