UNHCR isiandikwe kutoka Geneva pekee

Makala za ensaiklopidia kuhusu UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hupenda kuanzia Geneva, 1950, kisha kutaja Tuzo za Nobeli za 1954 na 1981. Tarehe ni sahihi. Upendeleo umo katika yaliyoachwa.

Chukua mfano wa Mabamba, wilayani Kibondo, Tanzania, inayopakana na Burundi. Wakimbizi wa Burundi wa 2015 walipofurika Nyarugusu, kambi ya Kasulu iliyofunguliwa 1996, Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya. Kuni na ardhi vilikuwa vya wenyeji. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa wimbi la wakimbizi la 1972. Uamuzi mzito kama huo unastahili aya nzima!

Tatizo ni kutegemea mno taarifa za shirika lenyewe. Wahariri wazisome pia kumbukumbu za halmashauri, pamoja na malalamiko ya Warundi wanaosema wanashinikizwa kurudi kwao.