Flashi bado ipo sana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu yako ya barua niwajibu mafundi wenzangu wanaodai kwamba flashi, yaani hifadhi iliyomo katika simu, memori kadi na diski nyingi za kompyuta za siku hizi, imepitwa na wakati, na kwamba mwenye busara angoje aina mpya.

Sikubaliani nao hata kidogo. Wimbo huu tumekwisha kuusikia. Julai 2015 makampuni ya Kimarekani ya Intel na Micron yalitangaza kwa vishindo kumbukumbu iitwayo 3D XPoint, isiyopoteza kitu umeme ukikatika. Yalidai kuwa kasi yake na uimara wake ni mara 1,000 ya flashi. Ilipoingia madukani mwaka 2017 kwa jina la Optane ilikuwa nzuri kweli, nani atabisha? Lakini hizo mara 1,000 mnunuzi hakuziona, na bei ya kila gigabaiti ilikuwa mara kadhaa ya flashi. Micron wakajitoa mwaka 2021. Mwaka 2022 Intel nao wakatangaza kuifunga biashara hiyo, wakiandika hasara ya dola milioni 559 kwa mali iliyobaki ghalani.

Haikuuawa na ubovu, iliuawa na bei. Kitu kinachonunuliwa na wachache hakishuki bei, na kisiposhuka bei wengi hawakinunui. Na flashi nayo haikukaa ikingoja kuzikwa. Kiwanja kilipokuwa finyu watengenezaji walianza kujenga ghorofa: mwaka 2013 Samsung walitoa chipu ya tabaka 24, na Novemba 2024 SK hynix wakatangaza kuanza kutengeneza kwa wingi chipu ya tabaka 321. Kariakoo hatujafika huko!

Mahali pamoja nakubali kwamba inashindwa. Ndani ya chipu ndogo zinazoongoza magari na mitambo, kuiweka flashi kumekuwa kazi ngumu na ya gharama kadiri chipu zenyewe zinavyozidi kuwa ndogo. Huko NXP wametangaza kutumia aina inayofanya kazi kwa sumaku, na Infineon ile inayobadili ukinzani wa umeme. Aina mpya zitashinda huko, wala sisi wanunuzi hatutajua.

Nayasema haya kwa sababu katika chama chetu cha akiba na mikopo yupo mjumbe anayetaka tuahirishe kununua diski hadi hiyo teknolojia ijayo ifike. Wakati huo huo hesabu za wanachama zimo katika diski moja kuukuu ya flashi, kabatini. Flashi hutunza maandishi kwa chaji ya umeme iliyonaswa ndani yake. Chaji hiyo huvuja polepole, hasa penye joto na hasa chombo kikiwa kimechakaa kwa kuandikwa na kufutwa. Kanuni za JEDEC zinataka diski ya flashi ya kompyuta ya kawaida, ikiwa imetumika hadi kikomo chake, itunze data mwaka 1 bila umeme katika nyuzi 30 za joto. Mwaka 1 tu! Na nyuzi 30 ndiyo hali ya kabati letu la hapa Dar es Salaam.

Namwomba mjumbe huyo aondoe pingamizi lake kikao kijacho, tununue diski 2 za flashi na 1 ya sumaku, na nakala moja ikae nje ya ofisi.

Fundi Kompyuta,
Dar es Salaam.