Barabara Haimaliziki Siku ya Kukata Utepe

Ndugu zangu wa Skuta, wa King'ong'o, wa Kiganjo na nyote mnaoishi miguuni pa Mlima Kenya, masika yakianza kila mtu hukumbuka barabara. Tunalalamika kwenye stegi ya matatu, tunalalamika baada ya ibada, tunapiga simu redioni kulalamika. Jua likiwaka na tope likakauka, malalamiko nayo hukauka, hadi mvua za vuli zije kutuamsha tena. Leo nataka kusema jambo moja tu, nalo huenda lisiwapendeze wengi: eneo hili halijaumizwa sana na uhaba wa barabara mpya kama lilivyoumizwa na kutotunza zilizopo. Na deni la utunzaji huo hatuidai serikali peke yake, hata sisi tunadaiwa.

Mgala muue na haki yake mpe. Kazi kubwa imefanyika mbele ya macho yetu. Tarehe 9 Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, alifungua rasmi barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, na safari ya kwenda mjini ikabadilika. Mwaka 2020 ikaanza kazi ya kupanua barabara ya kutoka Kenol, kupitia Sagana, hadi Marua, kilomita 84, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na fedha za Kenya yenyewe. Anayekumbuka kupita Kibirigwi usiku, nyuma ya lori lililopakia viazi, huku mbele magari yakija yakipitana ovyo, hahitaji kuelezwa faida ya kutenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Tena hiyo si njia ya Nairobi na Nyeri pekee. Ni kipande cha njia inayoendelea Isiolo na Moyale hadi Ethiopia.

Hata hivyo mkulima haianzi safari yake Marua. Anaianzia shambani, mteremkoni, kwenye udongo mwekundu ambao ukilowa hauchagui gari kubwa wala dogo. Kahawa iliyochumwa leo hutakiwa kumenywa leo. Ikilala ndani ya gunia huanza kuchacha, na daraja lake hushuka kabla haijafika mnadani. Majani chai yaliyoshindiliwa yakingoja lori lililokwama hupata joto na kuwa mekundu, na karani wa kituo huyakataa. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri hayajui kwamba mwenye pikipiki ameshindwa kupanda kilima. Kwa hiyo kilomita inayoamua bei ya jasho la mtu wa Tetu au Mukurwe-ini ni ile ya kwanza, iliyo baina ya shamba na kiwanda. Hiyo haina jiwe la uzinduzi, na mara nyingi haina hata jina.

Wenzetu wa Afrika Magharibi waliliona hili mapema. Nchini Ghana bodi ya kakao ilijitwika kazi ya kugharimia barabara za kuingia mashambani, zikaitwa barabara za kakao. Fikra ilikuwa njema: zao ndilo liletalo fedha, basi fedha zirudi zikalifungulie zao njia. Lakini mikataba iliyotiwa saini ilizidi uwezo wa kulipa, madeni ya wanakandarasi yakapanda, na ikabidi mikataba hiyo ipitiwe upya. Somo hilo halikutufikia. Mradi wetu wa barabara za Mau Mau, wenye zaidi ya kilomita 500 katika Kiambu, Murang'a, Nyeri na Nyandarua, ulizinduliwa kwa shangwe. Baadaye kazi ilisimama kwa muda mrefu kwa sababu wanakandarasi hawakulipwa. Barabara iliyochimbuliwa ikaachwa bila lami ni mbaya kuliko ile ya zamani, kwa kuwa mvua huikuta iko wazi. Anayeanzisha asichoweza kukimaliza hajatuongezea kitu. Ametupunguzia.

Tusisahau pia kwamba barabara za milima hii zina historia chungu. Mwaka 1922 mpinga ukoloni Harry Thuku alikamatwa, na kati ya mambo aliyoyapigia kelele ni wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi bila hiari yao. Wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950, watu wa Nyeri walitolewa vijijini kwa nguvu kwenda kuchimba njia na mahandaki. Huenda ndiyo sababu mpaka leo mtu akisikia neno la kazi ya pamoja barabarani, mwili humsisimka. Lakini yako pia mambo ya baadaye ya kujivunia. Kuanzia mwaka 1974 Kenya iliendesha mpango wa barabara za mashambani uliotumia jembe, koleo na toroli mahali pa mitambo, na watu wa hapo hapo wakalipwa ujira. Barabara ikimalizika, mkazi wa karibu aliajiriwa kutunza kipande kilichopita mbele ya kwao: afyeke majani, azibue mitaro, afukie mashimo kwa changarawe. Mataifa mengine yalikuja kujifunza utaratibu huo kwetu. Leo tumeuacha, tunangoja greda lije mara moja kwa mwaka, kama litakuja.

Basi barabara hufaje? Adui wake wa kwanza ni maji. Tembea mvua ikinyesha utazame. Mwenye nyumba amejenga lango jipya, gari lake lapaswa kuvuka mtaro. Angeweza kuweka bomba la saruji, lakini bomba lina gharama, kwa hiyo anaujaza mtaro udongo na mawe. Jirani wa pili anafanya vivyo hivyo. Mwenye kibanda anatupa chupa za plastiki na maganda ya mahindi, vinakwenda kuziba kalavati. Maji yaliyokosa njia yanapanda juu ya lami, yanaingia kwenye ufa usiozidi upana wa unywele, yanalainisha tabaka la chini. Lori la kwanza likipita, lami inabonyea. La kumi likipita, inapasuka. Kufikia Mei kuna shimo la kumeza gurudumu la matatu, na sote tunasema mwanakandarasi aliiba saruji. Pengine aliiba kweli. Lakini hata barabara iliyojengwa kwa uaminifu haiwezi kustahimili mtaro uliozikwa.

Adui wa pili ni uzito. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kuwa madhara ya ekseli kwa barabara hayaongezeki sawasawa na mzigo. Ekseli ikibebeshwa uzito mara mbili, madhara hukaribia mara 16. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya mwaka 2013 ya kudhibiti mizigo, ambayo hairuhusu gari na mzigo wake kupita tani 56. Sheria ipo, mizani ipo. Lakini lori la mawe au la mchanga likizunguka kwa njia za ndani ili likwepe mizani, faida inabaki kwa mwenye lori na hasara inagawiwa kijiji kizima.

Sasa tuseme habari ya fedha. Msidhani barabara hutunzwa kwa hisani. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli inatozwa shilingi 25 za ukarabati wa barabara. Kabla ya hapo zilikuwa shilingi 18. Kijana wa bodaboda anayetia lita 4 kwa siku ameichangia barabara shilingi 100 kabla hajapata abiria. Yeye ndiye mwenye mali. Na ajue pia kwamba mwaka 2025 serikali iliamua kuweka rehani shilingi 7 katika kila lita ili ipate fedha za kulipa madeni ya wanakandarasi, yaliyotajwa kuwa shilingi bilioni 175. Maana yake ni kwamba sehemu ya fedha za kuzibia mashimo ya kesho imekwisha kulipia uzinduzi wa jana. Wakati huo huo wabunge na magavana wamevutana hadi mahakamani juu ya shilingi bilioni 10.5 za tozo hilo, kila upande ukidai zake. Gari linapotumbukia shimoni haliulizi kama shimo ni la kaunti au la taifa.

Kuna atakayeniambia, "Mimi nimelipa ushuru, mbona unataka nikachimbe mtaro?" Hoja hiyo ina nguvu, nami siipuuzi. Simtaki mtu yeyote afanye kazi ya bure ambayo mwingine analipwa kuifanya. Zamani tulilazimishwa, na hilo lisirudi. Ninachosema ni kwamba ushuru haukununulii haki ya kuharibu. Aliyelipa shilingi 25 kwa lita kisha akaziba mtaro wa umma ametupa fedha zake mwenyewe. Tena aliyelipa ana wajibu wa kudai hesabu, na hapo ndipo tunapolala zaidi. Mali bila daftari huisha bila habari. Katiba ya 2010, ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lako ndani ya siku 21. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuandika barua kuuliza mkataba wa barabara ya kwao ulikuwa wa shilingi ngapi, unene wa changarawe uliopangwa ni upi, na muda wa mwanakandarasi kurekebisha kasoro unaisha lini?

Mwenye kutaka kuona mwisho wa uzembe aitazame reli yetu. Ilipofika Nanyuki mwaka 1930, ilibeba mazao na abiria kupitia Sagana, Karatina na Kiganjo. Haikuvunjwa na vita wala na tetemeko. Iliachwa tu, mwaka baada ya mwaka, nyasi zikaota baina ya mataruma, stesheni zikageuka magofu. Mwaka 2020 ikafufuliwa, wanajeshi wakitumwa kusaidia kazi hiyo, kwa fedha nyingi ambazo zisingehitajika kama ingetunzwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi nawasihi wakubwa wetu. Lipeni wanaodai kabla hamjaita bendi kwa uzinduzi mwingine. Rudisheni utaratibu wa mkazi wa karibu kulipwa kutunza kipande chake. Vijana wanaokaa kwenye kona za Skuta bila kazi wana mikono. Bandikeni mikataba kwenye ofisi ya chifu, kwa lugha isomekayo. Wenye malori, pakieni kipimo. Wenye viwanja, kabla hamjapaka lango rangi, wekeni bomba chini yake. Wachuuzi, mtaro si jaa.

Na wewe msomaji, masika hayako mbali. Jumamosi hii toka na koleo, uzibue mtaro wa mlangoni kwako tu, usiguse wa jirani. Jumatatu andika barua kwa mamlaka inayohusika na barabara yenu, uhifadhi nakala, uhesabu siku 21. Wasipojibu, andika tena, safari hii pamoja na majirani zako. Barabara ambayo watu wake wanaitunza na kuidai hesabu haiibiwi kwa urahisi.