Doa la rangi kwenye gari halimdhuru mtoto, matengenezo ya uani yanaweza

Gari lilifika Ulaya jioni, limejaa vumbi. Baba wa familia aliliendesha kutoka Dar es Salaam, akapita Morogoro, akakatiza Hifadhi ya Mikumi, kisha akaiacha barabara kuu na kushika njia ya Kilosa. Ni gari jeupe lililotumika Japani, lakini kwao ni jipya. Majirani walitania kwamba hatimaye gari la Japani limefika Ulaya, wakimaanisha kata yao ya wilayani Kilosa, si bara la Wazungu.

Asubuhi mama alipolifuta vumbi aliona madoa madogo kama punje za ulezi mbele ya boneti na pembeni mwa matairi. Rangi ilikuwa imebanduka.

"Baba watoto, hebu njoo uone," aliita. "Gari halijamaliza hata wiki."

Kesho yake fundi aliitwa nyumbani. Alikuja na msasa, kompresa, kopo la rangi na chupa ya soda iliyojaa tina. Kazi ikaanza uani, kando ya jiko la kuni na kamba ya nguo. Baada ya saa moja, mtoto wa miaka miwili alikutwa amekaa karibu na tairi, vidole vyeupe kwa vumbi la rangi, anavilamba.

Kisa cha namna hii kinaweza kutokea kwenye nyumba yoyote yenye gari na mtoto mdogo. Wazazi wengi huangalia doa na bei ya kuliondoa, lakini doa lenyewe halimdhuru mtoto. Kinachoweza kumdhuru ni vumbi, ukungu wa rangi na kemikali zinazoletwa uani ili kuliondoa.

Kwa nini rangi hubanduka

Rangi ya kiwandani huwekwa kwa tabaka kadhaa. Kwanza bodi ya chuma hutumbukizwa kwenye dawa ya kuzuia kutu na kupitishiwa umeme ili dawa ishike kila pembe. Juu yake hufuata rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na mwisho tabaka linalong'aa ambalo mafundi huliita klia. Kwa pamoja tabaka hizo huwa na unene wa kama karatasi moja au mbili za daftari. Hiyo ndiyo ngao yote iliyopo kati ya kokoto na chuma.

Gari linapokwenda kasi maradufu, nguvu ya pigo la kokoto huongezeka mara nne, si mara mbili. Dereva anayepunguza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 40 kwa saa kwenye changarawe hupunguza pigo hilo hadi robo. Kuacha nafasi kubwa nyuma ya lori nako husaidia, kwa sababu kokoto nyingi hurushwa na matairi ya gari lililo mbele. Mwendo huo wa pole huwakinga pia watoto wa shule wanaotembea kando ya barabara, maana kokoto inayoweza kubandua rangi inaweza pia kumpiga mtu.

Mara nyingine tatizo si kokoto. Mwaka 2019 kampuni ya Toyota ilianzisha nchini Marekani mpango wa kupaka upya bila malipo baadhi ya magari yake meupe, baada ya rangi kubanduka vipande vipande. Sababu iliyotolewa ni kwamba mwanga wa jua, kadiri miaka inavyokwenda, ulidhoofisha mshikamano kati ya rangi na tabaka la chini kabisa. Kwa hiyo anayenunua gari jeupe lililotumika anafanya vyema kukagua paa, boneti na kingo za milango kabla ya kulipa. Rangi iliyobanduka kama ganda pana huenda ina shida ya jua na mshikamano. Vitobo vidogo mbele ya gari kwa kawaida ni kazi ya kokoto.

Doa dogo halihitaji kompresa

Si kila doa ni la kukimbilia. Bampa nyingi za magari ya siku hizi ni za plastiki, nazo hazipati kutu. Doa la bampa linaweza kusubiri hata mwaka mzima bila madhara zaidi ya kuharibu sura. Doa la kuwahi ni lile lililofika kwenye chuma, hasa pembeni mwa matairi na chini ya milango, mahali ambapo matope ya masika hung'ang'ania na kutunza unyevu. Kutu ikiingia chini ya rangi, huifanya ivimbe kama lengelenge, kisha ibanduke yenyewe. Hapo ndipo watoto hupenda kupitisha kucha na kubandua.

Doa dogo ambalo bado halijashika kutu linaweza kuzibwa kwa brashi ndogo tu. Sehemu huoshwa kwa maji na sabuni, ikaachwa ikauke kabisa, kisha rangi kidogo hudondoshewa ndani ya doa. Namba ya rangi ya gari huandikwa kwenye kibati kilichopo kwenye fremu ya mlango wa mbele au chini ya boneti, na muuza rangi huitumia kutafuta inayofanana. Njia hii haihitaji kusugua sehemu kubwa wala kupulizia rangi hewani. Doa litaonekana kidogo kwa anayelitafuta, lakini maji hayatafika kwenye chuma.

Kuosha matope chini ya gari, kufuta mapema kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe, na kupaka nta mara kwa mara husaidia rangi kudumu.

Hatari ya kwanza: vumbi la msasa

Vumbi la rangi linaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo kwa miaka mingi yalitumika kutengenezea rangi, hasa za njano, nyekundu na machungwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi kwenye magari mapya kuanzia Julai 2003, isipokuwa kwenye vifaa vichache vilivyotajwa. Hivyo rangi ya kiwandani ya gari la miaka ya karibuni haina hofu kubwa kama ya gari kuukuu.

Lakini gari lililotumika huenda lilishapigwa rangi upya mara moja au zaidi, na mwenye gari mpya hajui ilitumika rangi gani. Kopo analoleta fundi nalo mara nyingine halina maelezo yoyote. Kwa rangi za nyumba, shirika la AGENDA la Dar es Salaam kwa kushirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN limewahi kupima zilizouzwa madukani nchini na kukuta baadhi zina risasi nyingi. Rangi isiyo na lebo ni busara kuichukulia kama yenye risasi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hunyonya mwilini mara nne hadi tano ya kile anachonyonya mtu mzima kutoka chanzo kile kile. Risasi huathiri ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza na kutulia, na inaweza kuleta upungufu wa damu. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi hunyonya zaidi. Ni risasi hiyo hiyo iliyoondolewa kwenye petroli katika nchi za kusini mwa Sahara ilipofika mwaka 2006, kwa sababu ya afya.

Ugumu wake ni kwamba mara nyingi mtoto haonyeshi dalili. Anacheza, anakula, analala. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha, na mwaka 2021 WHO ilielekeza kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Mtoto mwenye tabia ya kubandua na kula rangi au udongo anastahili kupelekwa kituo cha afya, na mzazi aitaje tabia hiyo kwa mganga bila aibu.

Hatari ya pili: ukungu usio na harufu

Rangi nyingi za gari za siku hizi huchanganywa na kikaushio ambacho mafundi hukiita hadina. Ndani yake kuna kemikali za kundi la aisosianeti, na zinapopuliziwa hutoka kama ukungu mwembamba. Kemikali hizi ni chanzo kinachojulikana cha pumu kwa wapiga rangi. Mtu akishapata pumu hiyo, hata kiasi kidogo cha ukungu kinaweza kumbana kifua tena.

Pua haisaidii hapa. Ukungu unaweza kuwa mwingi kiasi cha kudhuru kabla mtu hajasikia harufu yoyote, na hubaki hewani kwa muda baada ya kompresa kuzimwa, hata kama macho hayauoni. Kitambaa kilichofungwa puani hakiuzuii. Mtoto mwenye pumu hapaswi kuwa karibu kabisa.

Hatari ya tatu: chupa ya soda

Tina na petroli ya kusafishia brashi huwekwa mara nyingi kwenye chupa za soda au maji. Mtoto mwenye kiu haulizi. Akinywa, kimiminika hicho kinaweza kuingia kwenye mapafu na kusababisha nimonia mbaya.

Ikitokea, asitapishwe na asinyweshwe maziwa wala mafuta kwa nia ya kumtapisha, kwa sababu akitapika hatari ya tina kuingia mapafuni huongezeka. Avuliwe nguo zilizolowa, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, kisha apelekwe hospitali haraka pamoja na ile chupa, hata kama anaonekana mzima.

Kuzungumza na fundi

Kazi ya kusugua na kupulizia ifanyike gereji, mbali na nyumba. Wazazi wengine huona haya kumwelekeza fundi, hasa akiwa mtu mzima au jirani. Maneno ya heshima yanatosha: "Shikamoo fundi. Samahani, nyumbani kuna watoto wadogo. Naomba kazi hii tuifanyie gereji kwako, na rangi iwe kwenye kopo lenye maelezo."

Ikilazimika kufanyika nyumbani, watoto na mjamzito wahamie kwa bibi au jirani siku hiyo nzima. Chakula, maji na nguo viondolewe uani. Fundi asugue kwa msasa wa maji, kwa sababu vumbi lililolowa haliruki. Maji yale machafu yasielekezwe kwenye bustani ya mboga wala mahali kuku wanapodonoa. Baada ya kazi, uchafu uokotwe ukiwa umelowa na sakafu ipigwe deki. Kufagia ukiwa mkavu hulirudisha vumbi hewani.

Fundi naye ana watoto. Akirudi kwake na nguo zenye vumbi na kumpakata mwanawe, vumbi limefika nyumba nyingine. Akibadilisha nguo, akanawa mikono na uso kabla ya kuondoka gereji, familia yake inapona.

Kule Ulaya, mama alimwinua mtoto, akamnawisha mikono na uso kwa sabuni, akambadilisha nguo na kuwapeleka wote watatu kwa bibi yao. Kisha akamrudia mume wake.

"Baba watoto, hii kazi isimame. Mwambie fundi tutalileta gereji."

Fundi hakukasirika. Alifunga msasa wake, akaomba maji ya kunawa, na kabla ya kuondoka akaichukua ile chupa ya soda iliyobaki chini ya gari. Jumatatu mama aliwahi zahanati na mtoto mgongoni, akaeleza alichokiona.